Baba Yake Injinia

Siku ya kufungua kiwanda chake, Injinia Jedidah Muchangi aliamka na hasira, na waliomfahamu hawakushangaa. Wengine huamka na kiu, yeye huamka na hasira. Alizikasirikia hema kwa sababu zililetwa na madoa. Akamkasirikia mpishi aliyetaka kuweka mchele motoni kabla mbuzi hawajachunwa. Akaikasirikia hata barabara ya Nanyuki, maana kila lori lililopita pale Kiirua lilipiga honi likifika langoni. Wafanyakazi wakawa wanampitia mbali, kila mmoja na kazi yake. Walijua kwamba hasira zake ndogo zikishatoka, siku huenda vizuri.

Ile aliyoikuta jukwaani haikuwa ndogo. Katikati ya jukwaa kulikuwa na kochi aliloliweka kwa mikono yake mwenyewe, akalitia mto kwa sababu mgongo wa mwenye kulikalia ulikuwa umechoka. Kochi hilo lilikuwa la Kagure, mama mzee aliyemlea. Sasa alikuwa ameketi hapo mwanamume mnene mwenye suti ya kahawia, amepanua miguu, kofia iko gotini, na kijana wa kamera anamzunguka akimpiga picha huku na huku.

"Yule ni nani?" Jedidah akamwuliza Mwenda, meneja wake.

Mwenda alitabasamu kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Boss, hiyo ni sapraizi. Ngoja emsii aseme mwenyewe."

"Mimi na sapraizi hatujuani. Sema."

"Ni Mzee Kaberia wa Githongo, yule wa kiwanda cha kukoboa kahawa." Akashusha sauti, macho yanang'aa. "Boss, ni babako."

Hapa lazima tusimame kidogo, maana hata pale Kiirua wengi hawakuijua habari hii, na waliokuwa wanaijua walikimbilia kucheka.

Jedidah alizaliwa Mbeere, kule chini Embu kunakokauka, upande wa Ishiara, katika boma ambalo mwenyewe, yaani mwanamume wa boma, alikuwa mwanamke. Kagure alikuwa ameolewa na Muchangi, wakakaa bila mtoto, Muchangi akafa. Matanga hayajaisha, shemeji zake walikuwa tayari wanatembea shambani wakigawana kwa macho. Walimwambia mwanamke asiye na mtoto hana nyumba, arudi kwao. Kagure hakulia na hakurudi. Alikusanya mbuzi wake, akaenda kwa wazazi wa msichana aliyeitwa Veronicah, akatoa mahari, akamwoa. Alimwoa mchana, wazee wanaona, pombe ya asali inanywewa.

Ndiyo, mwanamke alimwoa mwanamke. Ni desturi ya zamani ya kule, na haina hayo ya kitandani mnayoyawaza. Ilikuwa njia ya kuzuia nyumba isife. Watoto ambao Veronicah angezaa wangekuwa wa Kagure, wa nyumba ya Muchangi, na mwanamume wa kuwazaa angekuwa hana jina pale wala dai. Angepita tu, kama mgeni aliyeomba maji ya kunywa akaendelea na safari.

Akazaliwa Jedidah, peke yake. Veronicah akafa kwa homa mtoto akiwa bado shule ya msingi. Aliyekuwa amepita alikuwa mnunuzi wa mbuzi kutoka Githongo. Kila mtu alimjua na hakuna aliyemtaja. Miaka na miaka aliendelea kuja kununua mbuzi Ishiara, akilipita lile boma na mifugo yake, na hata siku moja hakusimama kuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Hakutuma hata kipande cha sabuni. Desturi ilimruhusu asitume, na yeye akaifurahia ruhusa hiyo kwa moyo wote.

Nyumbani Jedidah alimwita Kagure "Baba". Kagure mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. "Mahari nilitoa mimi," alikuwa akisema, "sasa mnataka niitwe shangazi?" Shuleni watoto wakasikia. Wakamwuliza Jedidah baba yake hunyoa ndevu kwa wembe gani. Jedidah akapigana. Alipigana na wasichana, akapigana na wavulana, akamng'oa mmoja jino ambalo pengine lilikuwa la kung'oka, mpaka mwalimu mkuu akaagiza mzazi aletwe. Kagure akaja na panga mkononi, kwa kuwa alitoka shambani moja kwa moja. Akaketi kwenye kiti cha mzazi, akalaza panga juu ya meza.

"Mimi ndiye baba wa huyu. Kuna shida?"

Mwalimu mkuu akalitazama panga, akasema hakuna shida.

Hasira ya Jedidah ndiyo iliyomfanya injinia. Hakuna haja ya kuipamba. Kiangazi kikija kule Mbeere, mto unabaki mchanga mtupu, na maji huchimbwa. Kagure alichimba, Jedidah akashuka shimoni kuteka kwa kikombe. Kisha wakaja watu wazuri na gari zuri, wakaweka pampu, wakakata keki, wakaenda zao. Pampu ikala mchanga, ikafa kabla ya mvua kurudi. Mbuzi wakawa wanajikunia mgongo pale. Jedidah aliizunguka ile pampu akiwa na sare ya shule, akamwambia Kagure kwamba aliyeitengeneza hajawahi kuuona mto wao hata kwa ndoto. Kagure akamjibu, "Basi tengeneza wewe." Na hakuwa anatania.

Alipopata nafasi ya chuo kule Nchiru, Kagure aliuza mizinga ya nyuki aliyoachiwa na mumewe, na wa mwisho ulipobebwa akageukia upande mwingine asiuone. Nchiru, Jedidah alikodi pembe ya kibanda cha chips akawa anatengenezea wanafunzi majiko ya koili na redio. Alimaliza chuo, akazunguka na cheti chake mpaka kikachakaa pembeni. Ofisi moja ilimwambia wanatafuta mwanamume kwa sababu kazi ni ya porini, kana kwamba yeye alizaliwa hotelini. Aliyempokea hatimaye alikuwa Omar, fundi wa kuchomelea wa Majengo, mjini Meru, mzee mkavu wa maneno. Alimwonyesha kona ya karakana yake. "Binti, hapa hatuulizi cheti," alimwambia. "Tunauliza kama chuma kimeshika."

Pampu yake ya kwanza iliungua hapa hapa Kiirua, mbele ya wakulima wa viazi waliokuja kutazama. Mmoja, akijua Mbeere inavyosifika kwa waganga, akasema, "Pampu ya Mbeere mlitarajia nini? Hiyo labda inataka mganga." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jedidah aliipakia ile pampu inayotoa moshi, akarudi kwa Omar, akaifungua yote chini. Ya pili nayo ikafa. Aliyoitengeneza baadaye ilivuta maji na mchanga pamoja, ikautema mchanga pembeni, ikaendelea. Haikuhitaji mafuta, jua tu. Yule mkulima mcheshi baadaye alikuja kununua, na Jedidah alimuuzia akiwa amenuna.

Baada ya hapo kazi ikaitana. Tharaka wakaagiza, Isiolo wakaagiza, Ukambani wakaagiza. Alikofika kuweka pampu watu walichungulia nyuma yake wakiuliza fundi yuko wapi. Akawa anawajibu, "Fundi anakuja, nishikieni hii," anawapa mfuko wa spana na kupanda mwenyewe. Na sasa kulikuwa na kiwanda Kiirua, cha mabati mapya, kina mashine za kukata chuma na watu wa Meru na Embu wakifanya kazi humo wakibishana lugha. Kilichobaki ni kukifungua. Na kwa Jedidah kazi mpya haianzi bila baba kuitemea mate ya baraka. Alifunzwa hivyo na Kagure. Kila alipomaliza kitu, hata redio mbovu ya jirani, alikipeleka kwake, na Kagure akatema mate kidogo viganjani mwa mtoto na kusema nenda.

Kwa hiyo Mwenda aliposema "ni babako", Jedidah alimgeukia mzima mzima.

"Nani alikuambia nina baba Githongo?"

Tabasamu la Mwenda likaanza kuteremka. "Boss... ni Cucu."

"Cucu gani?"

"Cucu Kagure, nyanya yako. Ile siku nilienda Ishiara kumchukua tumpeleke akapimwe macho. Alinipa jina na mahali. Akaniambia nimtafute na nisikuambie. Mimi nilidhani mmeongea."

"Yuko wapi?"

"Amekataa kukaa mbele. Yuko hema ya nyuma na wamama wa kanisa."

Jedidah akaondoka. Njia ilimpitisha mbele ya jukwaa, na Kaberia alipomwona aliinuka, akafungua mikono yote miwili. Kijana wa kamera akapiga goti kutafuta pembe nzuri. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kila mtu Githongo alijua Mzee Kaberia anataka kiti.

"Mwanangu! Aki ona macho! Huyu ni mama yangu mtupu, damu yangu kabisa!"

"Mzee, ngoja."

"Sasa baba atangojaje mwanawe..."

"Umengoja mpaka nikajenga kiwanda. Hata sasa ngoja."

Akampita. Kijana wa kamera akabaki na goti lake chini.

Kagure alikuwa amekaa kiti cha plastiki, karibu na wanaoosha sufuria, amevaa nguo mpya ya kitenge aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Macho yalikuwa na ukungu, lakini alimjua Jedidah kwa mwendo, akakunja mikono kabla hajafika. Walizozana kwa Kimbeere. Wamama wa Kiirua, wenye Kimeru chao, walishika nusu, na nusu hiyo iliwatosha kuacha kuosha sufuria.

"Cucu, umefanya nini?"

"Nimeketi. Kwani kuketi kumekatazwa?"

"Yule mtu ametoka wapi?"

"Githongo."

"Cucu, usinichezee leo! Nimekuwekea kiti pale mbele, nimekiwekea mto, halafu unamtoa huyo mnunuzi wa mbuzi huko alikokuwa unamkalisha? Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema huna, nikakutafutia."

"Nilisema sina nini?"

"Baba."

Jedidah akasogea karibu naye.

"Nilikuwa nachagua ndengu," Kagure akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sheila wa jirani akaja mbio akisema, Kagure, washa redio, Jedidah anaongea. Nikawasha. Nikaongeza sauti mimi mwenyewe, wanaopita nao wasikie. Yule wa redio akakuuliza baba yako alikuwa anafanya kazi gani. Ukasema, mimi sikuwa na baba, nililelewa na nyanya. Hukusita hata kidogo. Sheila akaniangalia. Nikamwambia redio hii siku hizi haishiki vizuri."

"Baba..."

"Nyanya! Mimi sikuzaa mtoto, Jedidah. Nitakuwaje nyanya wa mtu? Unyanya huo nilitoa wapi? Nilichokuwa nacho ni hicho kimoja, na nilikinunua kwa mbuzi wangu, wakanicheka mpaka leo wananicheka. Halafu wewe unaenda kukitupa redioni, unapigiwa makofi."

Haikuwa mara ya kwanza, hiyo ya redioni. Jedidah alijua, na kujua huko kulimchoma. Alianzia Nchiru, kwa msichana aliyelala naye chumba kimoja, kwa kuwa kueleza ukweli kulikuwa kurefu na mwisho wake ulikuwa kicheko. Akarudia benki. Akarudia kwa wafadhili. Alipopewa tuzo Nairobi alisimama mbele ya watu wenye tai akasema, "Mimi ni binti niliyekua bila baba," na ukumbi mzima ukashika kifua. Watu waliipenda hadithi hiyo. Ilifungua milango ambayo pampu zenyewe hazikuifungua, na wageni walipotoka walimshika mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa amemwaga damu ya pua akilipigania neno lile, na mtu mzima mwenye digrii akaligawa bure. Hakuna aliyempokonya. Alikuwa amezunguka miaka yote hiyo akiwakasirikia watu waliouliza fundi yuko wapi, na yeye mwenyewe alikuwa amemfanyia Kagure vile vile, kwa kipaza sauti. Aliona aibu, na aibu ikamzidishia hasira, na sasa hasira haikuwa na mtu wa kumwangukia.

"Ilikuwa rahisi kusema hivyo," akasema mwishowe.

"Najua ilikuwa rahisi. Kwangu haikuwa."

"Nimfukuze?"

"Mimi sitaki kitu. Mwenye kiwanda ni wewe. Nimekuletea baba mwenye suti na gari, hawezi kukuaibisha mbele ya wakubwa. Nenda akakutemee mate." Akageuza kiti chake cha plastiki, akampa mgongo.

Wakati huo mshereheshaji alikuwa ameshika zamu yake huko mbele, na vipaza sauti vikavuma. "Na sasa, mabibi na mabwana, kabla hatujakata utepe, tunamwita baba mzazi wa injinia abariki kazi ya mikono ya mtoto wake! Makofi ya Kiirua, tafadhali!"

Kaberia alikuwa tayari ameshika maiki. "Mimi ndiye nilipanda hii mbegu," akaanza. "Watu wanaona matunda, hawajui mkulima. Huyu mtoto nilikuwa namwombea kimya kimya miaka yote. Nilikuwa najua tu atafika mbali. Na mimi ni mtu wa maendeleo, mnanijua. Hata mwaka ujao tukikumbukana..."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba walipiga makofi kwa moyo mweupe. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa pembe ya leso.

Jedidah alipita katikati ya hema bila kuangalia kushoto wala kulia, akapanda jukwaani. "Mzee, nipe hiyo maiki."

"Bado sijamaliza, mwanangu."

"Umemaliza."

Akaichukua. Alikuwa akihema kwa kutembea haraka, na vipaza sauti vikapeleka kuhema kwake mpaka barabarani.

"Nimewadanganya," akasema. "Nyinyi, na watu wa redio, na wale wa Nairobi walionipa tuzo. Nilisema nilikua bila baba. Nilikuwa na baba. Nilikulia Mbeere kwa baba aliyetoa mahari ya mama yangu mbele ya wazee. Akanichimbia maji kwenye mchanga, akauza mizinga yake nikasoma. Na ni mwanamke."

Minong'ono ikapita hema kwa hema. Mchungaji akainamia viatu vyake. Upande wa kulia mtu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Aliyecheka asimame nimwone."

Hakuna aliyesimama. Waliomjua Jedidah wasingesimama hata wangekuwa wamekalia moto.

"Sasa baba yangu aje abariki kazi yangu."

Na Kaberia, mtu wa watu, akapiga hatua mbele akinyoosha koti. Pengine hakuwa akisikiliza. Pengine maisha yake yote alikuwa amezoea kwamba kinachotajwa ni chake.

"Wewe keti," Jedidah akamwambia.

"Mtoto, usinivunjie heshima mbele ya watu. Damu ni..."

"Damu hata mbu huchukua. Keti!"

Akaketi, na kwa kuwa kochi lile alilikosa kwa haraka, akaketi kwenye kiti cha mwenye ngoma. Kijana wa kamera akashusha kamera yake.

"Kagure wa Muchangi," Jedidah akasema. "Baba. Njoo."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Wamama wa sufuria wakajitenga, Kagure akabaki peke yake kwenye kiti chake cha plastiki, bado amewapa mgongo. Hakuinuka. Mshereheshaji akakohoa. Jedidah akangoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa amekasirika. Alikuwa na hofu, ile ya mtoto aliyekawia kurudi nyumbani na taa imezimwa.

"Baba," akasema tena.

Kagure akageuza kichwa kidogo tu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Macho yake ndiyo yaliyokuwa mabaya. Masikio hayakuwa na kasoro hata moja.

"Mimi sijasikia," akasema, kwa Kiswahili, ili wote wapate. "Sema na nguvu, vile ulisema kwa redio."

Jedidah akaisogeza maiki mdomoni, akapaza sauti mpaka vipaza sauti vikalia. "Baba!"

Kagure akakunja tena mikono yake.

"Tena," akasema.

Na injinia akasimama pale mbele ya wageni wake wote, akaanza upya.